Jibu: Nyanya zinaharibika njiani, tukope gari la baridi?

Habari ndugu. Umesema nyanya za kikundi chenu zinatoka shambani zikiwa nzima, zikifika kwa mnunuzi theluthi inakataliwa, na sasa mnataka kukopa mnunue gari la baridi. Tafadhali msisaini bado.

Kwanza kagua matenga ya chini kabisa mzigo unapofika. Sisi tulilaumu joto msimu mzima, hadi siku nilipomwaga tenga la chini mwenyewe: za juu safi, za chini zimepasuka, maji yake yamelowesha za pembeni na ukungu umeshaanza. Uzito ndio uliotuua. Tukahamia kreti za plastiki zenye matundu, tusizijaze kupita ukingo, na hilo peke yake lilituokoa kuliko yote tuliyojaribu.

Halafu saa ya kuchuma. Nyanya ya mchana inasafiri na jua ndani yake. Chumeni alfajiri, wekeni kivulini, na mchume zinapoanza kugeuka rangi, si zikiwa nyekundu ndu. Mbivu na mbichi msichanganye, maana mbivu hutoa gesi ya ethileni inayoziivisha nyingine.

Gari la baridi nalo lina mtego: chini ya nyuzi 10 za Selsiasi nyanya ambayo haijaiva huumia, na baadaye haiivi vizuri. Chumba cha kupoozea kwa uvukizi wa maji ni nafuu zaidi, ila kinahitaji hewa kavu. Kwenu hewa ikoje? Na mnunuzi anapokataa mzigo, nani wa kwenu yupo pale akishuhudia?