Kulipia chumba hakuongezi maji kisimani

Ndugu, umeuliza kama kuna ubaya kujaza jakuzi kila jioni na kuacha kiyoyozi kikiwaka kutwa ukiwa hotelini Nungwi, Unguja, maadamu umeshalipa. Mimi naona ubaya upo.

Kule ardhi ni mawe ya matumbawe. Mvua inapenya, na maji matamu yanakaa chini kama tabaka jembamba juu ya maji ya bahari. Pampu ikivuta kupita kiasi, chumvi inapanda. Hoteli itaagiza boza. Mama mwenye kisima cha jirani ataagiza nini? Utafiti wa 2012 wa Tourism Concern, shirika la Uingereza lililofuatilia athari za utalii, uliogusa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ulikuta kaya ya kijijini inatumia wastani wa lita 93 kwa siku, na chumba kimoja cha nyota tano lita 3,195. Pesa yako inaingia kwa mwenye hoteli, lakini maji yanatoka chini ya kijiji kizima.

Umeme nao unakuja kwa kebo ya chini ya bahari kutoka bara. Ilipoharibika Desemba 2009, Unguja ilikaa gizani hadi Machi 2010, na pampu za maji zikakwama pia.

Basi oga shawa fupi, tundika taulo ulitumie tena, zima kiyoyozi ukitoka. Bwawa na bustani huviamulii, ila hoteli unaichagua mwenyewe: kabla ya kulipa, waulize maji yao yanatoka wapi, na kama majitaka wanayasafisha wakamwagilia bustani. Wakibabaika kujibu, tafuta kwingine.