Pedi za Breki: Fungua Tairi, Usichungulie Tu kwenye Rimu

Kwa miaka mingi niliamini kwamba anayetaka kujua hali ya pedi za breki, yaani vipande vinavyobana diski ya gurudumu ili gari lisimame, inamtosha kuchutama kando ya gari na kuchungulia kwenye matundu ya rimu. Fundi mmoja wa hapa Dodoma alichungulia hivyo hivyo gari langu lilipoanza kulia upande wa mbele kushoto, akaniambia, "Mzee, hizi bado zina maisha, hilo ni vumbi tu," nami nikaridhika, kwa kuwa ndilo jibu nililotaka kulisikia. Wiki mbili baadaye, nikitoka Iringa na kuteremka mlima wa Nyang'oro kuelekea Mtera, mlio ule uligeuka mkwaruzo wa chuma kwa chuma, na kila nilipokanyaga breki gari lilivutia kulia. Nilishusha gia, nikateremka taratibu nikiwaachia wenye malori wanipite, na nilipofika Migori shati lilikuwa limelowa jasho.

Nilipoifungua tairi nyumbani, pedi ya nje, ambayo ndiyo huonekana kwenye rimu, ilikuwa bado na unene wa milimita 6. Ya ndani ilikuwa imebaki bati tupu, na diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, ilikuwa na mifereji ambayo ukucha wangu uliingia bila shida.

Chanzo chake hakikuwa pedi. Katika kalipa kama za gari langu, yaani kishikio cha chuma kinachozibana pedi kwenye diski, pistoni inayosukumwa na mafuta ya breki iko upande wa ndani. Nayo huisukuma pedi ya ndani hadi iguse diski, kisha kalipa nzima huteleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje ibane kutoka upande wa pili. Pini zikikwama, pedi ya ndani hubeba mzigo wote peke yake, na gurudumu hilo hupungukiwa nguvu ya kusimama. Vumbi la mitaa yetu ambayo haijapata lami hupenya pale kofia za mpira za pini zinapochanika, likachanganyika na grisi iliyozeeka. Pini ya chini ya gari langu ilitoka kwa kupigwa nyundo, imevaa tope jeusi gumu kama udongo uliokauka kwenye jembe. Ningebadilisha pedi bila kuigusa, pedi mpya nazo zingekwisha vilevile.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayefanya kazi hii mwenyewe, au anayesimama kando ya fundi, ni kuhesabu pini kuwa sehemu ya kazi. Zichomoe, zifute, zisugue kwa msasa laini kama zina kutu, kisha zipake grisi maalumu ya breki inayostahimili joto na isiyodhuru mpira, kwa sababu grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mpira na baada ya miezi kadhaa pini hukwama tena. Pini iliyo nzima hurudi mahali pake kwa kusukumwa na kidole. Sugua kwa brashi ya waya vituo ambamo masikio ya pedi, yaani ncha zake mbili, hukaa, lakini grisi isifike kamwe kwenye uso wa pedi wala kwenye diski. Vumbi la breki lifute kwa kitambaa chenye maji, usilipulize, maana baadhi ya pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto.

Mengine yanajulikana, ila yana mitego. Nati za tairi zilegezwe gari likiwa bado chini, na jeki isiachwe peke yake bila stendi ya kulishikilia gari. Kwenye uwanja wa mchanga kama wangu, ubao mpana chini ya jeki na stendi ni wa lazima. Kalipa ikitolewa yote ifungwe kwa waya, isining'inie kwenye mpira wake unaopitisha mafuta ya breki. Kabla ya kuirudisha pistoni ndani kwa klampu, fungua kikopo cha mafuta ya breki na ukiangalie, kwani pistoni ikirudi huyasukuma mafuta hadi kwenye kikopo, na waliozoea kuyaongeza kila yanaposhuka hukuta yanafurika, nayo hubabua rangi ya gari. Kwa breki za nyuma, hakikisha breki ya mkono imeachiwa. Gari langu lina viatu vidogo vya breki ya mkono ndani ya diski, hivyo pistoni ilirudi kwa kusukumwa tu, lakini ziko kalipa ambazo pistoni yake lazima izungushwe, na ukilazimisha kwa klampu unaiharibu. Toyota Vitz na IST nyingi nyuma zina breki za ngoma badala ya diski, ambayo ni kazi nyingine kabisa.

Pedi mpya huwa na milimita 10 hadi 12 za kulika. Zikifika 3 zitoe, na daima ubadilishe kushoto na kulia pamoja. Unene wa chini unaokubalika wa diski kwa kawaida umechapwa kwenye diski yenyewe. Diski zangu za mbele zilikuwa zimelika kupita hapo, nikanunua zote mbili.

Jambo moja nalisema kwa aibu. Nilipomaliza, niliwasha gari na kulirudisha nyuma bila kwanza kukanyaga pedali mara kadhaa ili pistoni zikutane na pedi. Mguu ulizama hadi chini, na gari likasimamishwa na geti. Geti lina alama mpaka leo.

Asubuhi iliyofuata, barabara ikiwa tupu, nilipunguza mwendo kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 20 mara kumi, nikiziacha breki zipoe kidogo kila mara, ili pedi na diski zizoeane. Niliporudi kutoka Mtumba nilikaza nati za tairi upya kwa kukingamana, moja kisha iliyo mkabala nayo, kisha nikasogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Joto la mbele kushoto lilikuwa sawa na la kulia.