Anti anajibu: Mtoto anakaribia mwaka, presha ya nini?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wazazi wenye watoto wa miezi 9, 10, 11, na karibu zote zina woga uleule, yani watu wameigeuza ile siku ya kutimiza mwaka kuwa siku ya mtihani, mtoto awe ameshatembea, ameshaota meno, ameachishwa ziwa, na sherehe juu. Nimechukua nne nizijibu.

Anti shikamoo. Binti yangu wiki mbili zijazo anatimiza mwaka ila hatembei, anatambaa tu na kusimama dede akishika kochi. Mtoto wa jirani hapa Tabata katembea na miezi 9 basi kila nikitoka nje naulizwa vipi wako bado? Mama mkwe anasema nimembeba sana mgongoni ndo mana miguu imelegea, baba yake kanunua woka (kile kigari cha tairi cha kumfundishia mtoto kutembea) Kariakoo ila akiwekwa anarudi nayo kinyumenyume. Nimpeleke hospitali au ni mvivu tu? – Mama Tabata

Marahaba mwanangu. Kwanza hilo neno mvivu tulitoe kabisa, hamna mtoto mvivu wa kutembea. Shirika la Afya Duniani walishawahi kufuatilia watoto wenye afya zao huko Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, majibu wakayatoa 2006, wakakuta wapo walioanza kutembea wenyewe na miezi 8 na kidogo na wapo waliosubiri mpaka miezi 17 na nusu, na wote hao ni wazima. Wengine wala hawakutambaa kwa magoti, walikaa, wakasimama, wakaondoka. Kwahiyo wa jirani yako kawahi na wako yuko ndani ya muda wake vizuri tu, kusimama dede na kuzunguka kochi ndo kutembea kwenyewe kunakuja hivyo.

Kumbeba mgongoni hakulegezi miguu. Mbebe ukiwa na safari au akiwa analia anataka joto lako, ila ukirudi mshushe chini, apate muda mrefu wa sakafuni, peku, kwenye mkeka, na kile anachokipenda (mwiko, kifuniko cha sufuria, chochote) kiweke upande wa pili wa kochi akifuate. Ukiona anaachia mkono mmoja usimshangilie mpaka akashtuka, mwache.

Woka mrudishe dukani kama wanapokea, kama hawapokei itoe tairi. Naongea hivi kwa nguvu kwasababu nyumba nyingi sa hivi zinayo na watu wanaamini inafundisha kutembea, haifundishi, mtoto anasukuma kwa ncha za vidole, hajifunzi kujishika asianguke, afu inampa mbio ambazo wewe huna, unageuka kuchukua chumvi yeye ameshafika kwenye jiko la mkaa au anavuta waya wa birika. Canada waliipiga marufuku tangu 2004. Na hata bila woka, mtoto wa umri huu sasa hivi anafika kila mahali, hebu kaa chini kwenye sakafu yako uangalie vilivyoko kwenye usawa wa macho yake, mafuta ya taa kwenye chupa ya soda yaondoke leo, ndoo ya maji ifunikwe au iwe tupu, mana mtoto wa hivi anaweza kuzama kwenye maji machache sana, na chai ya moto isikae ukingoni mwa meza yenye kitambaa cha kuning'inia.

Hospitali utaenda kama anakaribia mwaka na bado hakai bila kuegemezwa, au ukimsimamisha miguu haibebi uzito kabisa, au anatumia mkono na mguu wa upande mmoja tu, au kitu alichokuwa anaweza sasa hawezi tena, au amefika miezi 18 na hajatembea. Mbali na hapo wakikuuliza wako vipi waambie anakuja.

Anti naomba usiniandike jina. Mwanangu wa kiume ana miezi 10 na nusu, alikuwa kibonge sasa kapungua, chakula hataki, anaharisharisha. Mawifi wanasema tumembemenda, yani tumemdhuru kwa kukutana kimwili na kushika mimba wakati bado ananyonya. Na kweli nimepima nina mimba changa, sasa wananiambia nimwachishe ziwa leoleo mana maziwa yameshaharibika yatamuua mtoto, mume wangu wamemsema mpaka haniangalii usoni. Nanyonyesha usiku kwa kujificha. Nifanyeje jamani. – Mama mwenye mawazo, Morogoro

Pole sana mwanangu, na asante kwa kuniandikia, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Nianze na linalokuuma. Maziwa yako hayajaharibika. Mimba haigeuzi maziwa kuwa sumu, na tendo la ndoa haliyagusi kabisa, halijawahi. Kinachotokea ukiwa na mimba ni kwamba maziwa yanapungua pole pole na ladha inabadilika mimba ikishakua, watoto wengine wanaacha wenyewe kwasababu hiyo, wengine wanaendelea. Mtoto hajatimiza hata mwaka, ushauri wa kitaalamu ni anyonye mpaka miaka 2 au zaidi, kumkatisha leoleo huku anaharisha ni kumnyang'anya kile kitu ambacho ndo kinamshikilia. Nyonyesha mchana, kweupe. Wewe mwenyewe ongeza chakula mana sasa mnakula watatu, na uwahi kliniki ya wajawazito. Ila kama mimba za nyuma zilishawahi kutoka au ulishika uchungu kabla ya wakati, au sasa hivi unaona damu au tumbo linakaza, mwambie nesi au daktari mapema, hapo wanaweza kukushauri uachishe na wakuelekeze namna ya kufanya taratibu.

Sasa kwanini kapungua? Mimi naanza na kuhara. Mtoto wa miezi 10 anatambaa na kila anachokiokota kinaenda mdomoni, hapohapo chakula cha nyumbani mara nyingi ni uji mwepesi ambao tumbo linajaa maji lakini nguvu hamna. Juu ya hapo kuna malaria, kuna kifua kikuu, kuna virusi vya ukimwi, vyote hivi vinapimwa na vyote vina dawa. Ndo mana imani ya kubemenda inaniumiza roho, sio kwamba nawadharau wazee, ila mama akishaambiwa kambemenda mtoto anaona aibu hata kwenda kliniki, anajifungia, anatafutiwa mizizi ya kumwogeshea, wiki zinapita na mtoto anaisha na ugonjwa ambao ungetibika. Kesho asubuhi mpeleke. Mwambie mumeo twende wote, mimi nina hakika na yeye anaumia hajui tu aseme nini, asikie kwa masikio yake kutoka kwa daktari kwamba hamjamfanya mtoto chochote.

Watampima uzito na urefu, na mkono watauzungushia ule utepe wa rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali anaanza matibabu siku hiyohiyo, kati ya 11.5 na 12.5 ni wa wastani na atafuatiliwa. Ukiona miguu yote miwili imevimba usisubiri hata kesho. Kwa kuhara utapewa ORS (ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji) na vidonge vya zinki, zinki anamaliza siku 10 mpaka 14 hata kama kuhara kumekata siku ya tatu. Na kama kuna mtu ataanza kusema ni meno ya plastiki yang'olewe, kataa kabisa, kile kinachoonekana cheupe kwenye fizi ni meno yake ya utotoni hayajatoka bado, wanaoyachokoa wanaacha watoto na damu na vidonda na maambukizi.

Chakula sasa. Umri huu milo 3 mpaka 4 kwa siku na kitu kidogo katikati mara moja au mbili, kila mlo kama nusu ya kikombe cha mililita 250, na uji uwe mzito, ukiinua kijiko usitiririke. Weka ndani yake kitu cha nguvu, dagaa waliosagwa vizuri, kiini na ute wa yai lililoiva, maini, maharage yaliyopondwa, parachichi. Vyakula vya sufuria ya nyumbani hivihivi, ndizi, viazi, wali, mponde tu usisage mpaka ikawa maji, mana anatakiwa ajifunze kutafuna hata kama hana meno, fizi zinaweza. Akiwa anaumwa mpe kidogo kidogo mara nyingi, akishapona muongezee mlo mmoja kwa siku mpaka uzito urudi.

Nawaomba pia tuachane na huu unga wa lishe wa nafaka kumi na karanga na soya vyote vimesagwa pamoja na kukaa kwenye kopo miezi. Nafaka na karanga zilizohifadhiwa vibaya zinaota ukungu wenye sumukuvu, na mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumu hiyo kwenye mahindi, sio hadithi. Nafaka moja inatosha, kavu, iliyochambuliwa, usage kidogo ya kumaliza mapema, hizo nyingine weka kwenye sufuria wakati wa kupika.

Niandikie tena ukishatoka hospitali, tafadhali.

Anti habari. Mimi ni dereva wa lori, natoka Dar kwenda Tunduma mpaka Lubumbashi, nakaa wiki kadhaa barabarani. Mtoto wangu ana miezi 11. Nilivyorudi juzi alilia aliponiona mpaka akakosa pumzi, akaenda kujificha kwa dada wa kazi. Shemeji zangu walicheka wakasema mtoto hamjui baba ake. Iliniuma sana aise. – Baba safarini

Salama baba. Usiumie, ingawa naelewa. Kuanzia miezi 8 hivi mtoto anakuwa ameshajua watu wake ni nani na wageni ni nani, na anaogopa asiowazoea, kabla ya hapo angebebwa na yeyote. Ni akili imekua, na inapita yenyewe. Hajakukataa, amekusahau kidogo tu na kukukumbuka ni kazi ya siku chache.

Ukirudi usimnyakue. Msalimie mama yake kwanza, kaa chini kwenye mkeka, ongea na watu wengine kwa sauti ya kawaida, chezea kitu mkononi bila kumwangalia sana usoni, atakuja mwenyewe kukishika. Akishakuzoea chukua kazi moja iwe yako kila ukiwa nyumbani, kumuogesha, kumlisha uji wa asubuhi, kumlaza, na usimpe mtu. Ukiwa njiani piga simu, aisikie sauti yako, hata ya video sio mbaya, madaktari wa watoto wa Marekani walishauri skrini ziepukwe chini ya miezi 18 ila simu ya video na ndugu wameiruhusu. Katuni za kumtuliza ndo ziachwe. Na acha shati ulilolivaa nyumbani, mama yake amlaze nalo karibu akiwa anamwangalia, harufu inakaa.

Hao shemeji nao waambiwe kwa upole kwamba mtoto akikimbilia kwa dada wa kazi, huyo dada anafanya kazi yake vizuri.

Anti mambo, mwanangu anafikisha mwaka mwezi ujao. Mi nataka birthday yenye keki kubwa, mapambo na mpiga picha, wenzangu wote kwenye kikundi wamefanya. Mume wangu anasema kodi ya nyumba inakaribia, tusome dua tule pilau basi. Tumenuniana. Na je sasa naweza kumpa asali na soda siku hiyo? – Mama Chumbageni, Tanga

Kwenye pesa niko na mume wako, kwenye picha niko na wewe. Mtoto hatakumbuka mapambo, ila wewe umemlea mwaka mzima na usiku mwingi hujalala, unastahili picha yako, mwombe ndugu mwenye simu nzuri apige. Dua, pilau, keki ndogo, watu wachache mnaopendana, kodi ilipwe. Na kikundi kile usikifungue wiki hiyo kama kinakukosesha amani ndani ya nyumba.

Asali akishatimiza mwaka ruksa, kabla ya hapo hapana hata kidole, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia na vinalegeza misuli mpaka ya kupumulia. Soda hapana, hata juisi za boksi hapana. Maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa sasa anaweza kunywa kama kinywaji ila yasizidi, mtoto anayeshiba maziwa tu anakataa chakula na anapungukiwa damu. Akifikisha mwaka ndo anaanza na dawa ya minyoo, ulizeni kliniki, huwa inatolewa pamoja na matone ya vitamini A kila miezi 6, na angalia kwenye kadi kama ile chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 alipata, nyingine ni miezi 18.

Siku yenyewe karanga nzima na pipi ngumu zikae mbali naye, na puto likipasuka okota vipande vyote hapohapo mana vinaziba koo. Picha pigeni asubuhi akiwa ametoka kulala na kunyonya, msisubiri wageni wa saa 12 jioni, saa hizo atakuwa amechoka analia tu.