Baba, kifua chako kinamtosha mtoto njiti

Njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au yeyote aliyezaliwa chini ya kilo 2.5, hupoa upesi, kwa sababu mafuta chini ya ngozi yake bado ni haba. Joto la kifua cha mtu mzima humfaa saa zote, hata umeme ukikatika, na kifua cha baba nacho kinaweza kazi hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto akae hivyo, ngozi kwa ngozi, saa 8 hadi 24 kwa siku. Mama aliyetoka kupasuliwa atazifikishaje peke yake?

Oga kwanza, usijipulize manukato. Una homa, kikohozi au vidonda kifuani? Zamu hiyo mwachie bibi au shangazi. Mtoto abaki na nepi, soksi na kofia tu.

Egemea mito, usilale chali. Mweke wima katikati ya kifua, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeukia upande mmoja. Sasa tazama kidevu. Kikiangukia kifuani, njia ya hewa hubanwa, na njiti hana nguvu za kujiinua wala za kulia akusikie. Kiinue kidogo, kama mtu anayenusa harufu ya mbali, na ukitazame tena kila anapojigeuza.

Mfunge kwa kanga: pindo la juu lifike chini ya sikio, la chini lipite chini ya makalio. Ikaze kifuani, ilegee tumboni, maana mtoto mchanga hupumua kwa tumbo. Simama polepole huku umemshika. Akiteleza, funga upya.

Kaa naye angalau saa 1 mfululizo. Kumtoatoa humkatiza usingizi. Njiti hula kila saa 2 hadi 3, basi mpokee mama akimaliza kunyonyesha, naye apate kulala. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa baba siku 3 tu za likizo ya uzazi, 7 mtoto akizaliwa njiti, nazo bado ni chache mno, kwa hiyo zamu ya jioni iwe yako. Usingizi ukikuzidi, mkabidhi mwenzako. Kusinzia naye kwenye kochi ni hatari.

Joto la kwapani liwe kati ya 36.5 na 37.5. Akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, mbavu zikibonyea, midomo ikigeuka bluu au akikataa kunyonya, usisubiri kukuche. Na usimfungue njiani: afike hospitali akiwa hapo hapo kifuani.