Ampea ya kutoka na ampea ya kuingia: angalia hii mbele ya kununua batri hapa Bukavu

Batu bengi bakiniuliza banunue batri gani kwa nyumba, swali inaanzaga na Ah (ampea mara masaa, yaani batri inabeba umeme kiasi gani): 100, 150 ama 200? Ninaelewa, juu njo namba kubwa yenye iko ku etiketi na njo ile muuzaji anaonyesha na kidole. Lakini mimi ninafungaga sola na batri hapa Bukavu, ku Ibanda, Kadutu, Panzi mpaka Bagira, na batri zenye ninaitwa kuangalia zikiwa zimekufa mapema, mingi yao haikukufa juu ilikuwa ndogo. Ilikufa juu umeme ilikuwa inatoka mbio kupita vile batri inaweza, ama ilikuwa inaingia pole sana haijai hata siku moja, ama vyote viwili pamoja. Hiyo mbio njo tunaita ampea, na mutu asiyeiangalia anaweza kununua batri ya pesa mingi na bado akalala mu giza.

Chukua batri ya risasi ya volti 12, imeandikwa 100Ah. Angalia pembeni ya hiyo namba, mara mingi kuna kaandishi kadogo: C20, ama C10 ku zingine. C20 maana yake kiwanda iliipima kwa kuitoa umeme pole pole masaa 20, ampea 5, mpaka volti ikashuka ku 10.5. Tano mara 20, njo 100 hiyo. Ampea 5 ku volti 12 ni wati 60, yaani ampuli chache, radio, na simu mbili zinasharji. Ku mwendo huo batri mpya itakupa 100 yake. Sasa wewe unaunga konvertisa, ile mashine ya kugeuza umeme ya batri kuwa ya vitu vya nyumba, na unachota ampea 50, hesabu ya haraka inasema 100 gawa kwa 50 ni masaa mawili. Hapana. Batri ya risasi ya kawaida itakupa kama saa moja na robo hivi kisha konvertisa inaanza kulia. Mjerumani mumoja, Wilhelm Peukert, alishaandika hiyo mambo tangu 1897: ukizidisha ampea, batri ya risasi inakupa Ah kidogo kuliko zenye ziliandikwa. Kwa hiyo siyo kila mara muuzaji amekudanganya, ni wewe umeichota mbio kuliko vile ilipimwa.

Sababu iko ndani. Umeme inatoka pale asidi inakutana na zile sahani za risasi, na sahani yenyewe ina vitundu vidogo vidogo. Asidi yenye iko mu vitundu ikiisha nguvu, ingine lazima itoke nje iingie, na hiyo inaomba wakati. Ukichota pole inafika, ukichota mbio haifiki, volti inaanguka hata kama batri bado haijaisha. Ni sawa na mutu mwenye kubeba gunia kupanda Kadutu, akienda na mwendo wake anafika juu, akikimbia anakaa chini katikati ya njia. Njo maana ukizima vyote ukingoja nusu saa, ile batri yenye mulisema imekufa inaonyesha tena volti 12 na kitu na batu banashangaa.

Basi mbele ya kununua, andika vitu vya nyumba yako ku karatasi. Wati gawa kwa 12, kisha ongeza kidogo juu konvertisa nayo inakula, mimi naongezaga asilimia 10 mpaka 15. Televizio ya inchi 32, dekoda, ampuli nne za LED, tuseme wati 95, hiyo inakuwa karibu ampea 9. Toka saa kumi na mbili ya jioni mpaka saa ine ya usiku ni masaa mane, kwa hiyo Ah 36. Batri ya 100Ah inabeba hiyo bila shida na hatujapita nusu, na hii ya nusu ni muhimu, juu batri ya risasi yenye inashushwa chini ya nusu kila siku haikai miaka mingi. Lakini mutu akiunga pasi ya wati 1000 ku hiyo hiyo batri, ni ampea 90 na zaidi. Shati ya kwanza inapita, ya pili inapita, anaona iko sawa na anaendelea hivyo kila asubuhi, kumbe kila asubuhi anaivuta mara 18 ya ule mwendo iliyopimwa nao. Mimi kwa batri ya risasi sipendi mutu apite ampea 20 kwa kila 100Ah kama ni kitu cha kuwaka muda mrefu, hiyo ni kanuni yangu na bado sijaona sababu ya kuibadilisha. Frigo iko pembeni kidogo: wati zake siyo mingi, lakini mota yake ikianza inavuta mara kadhaa ya kawaida kwa muda mfupi sana, kwa hiyo konvertisa inaweza kuzima frigo ikitaka kuwaka hata kama batri iko nzima.

Kuna kitu ingine yenye inafanana kabisa na batri mbovu na siyo batri. Waya.

Saluni moja ya kunyoa ku Kadutu, mwenyewe alishaanza kutafuta pesa ya batri ingine juu kila wakati akiwasha mashine ya kukausha nywele konvertisa inazima. Niliweka testa ku vichwa vya batri wakati mashine inazunguka: 12.1. Nikaiweka pale waya inaingia mu konvertisa: 10. Volti mbili nzima zimepotelea njiani. Waya ilikuwa ya 2.5 mm², ile ya kufunga ku priza za nyumba, mita 3 kwenda na mita 3 kurudi, na ilikuwa inapitisha ampea 50. Fanya hesabu: shaba ya unene huo ku mita 6 inakupotezea volti 2.1, na hizo volti haziendi bure, zinageuka moto, wati 100 na kitu za moto ndani ya waya yenye imepigwa misumari ku ukuta wa mbao. Wakaaji wa Kadutu banajua moto ikianza mu nyumba za mbao zenye zimebanana inaishia wapi. Tulisogeza konvertisa karibu, mita moja kutoka batri, tukaweka waya ya 25 mm², na fizibo pale pale karibu na kichwa cha plusi. Batri ni ile ile na mashine inakausha nywele mpaka leo. Kwa hiyo mbele ya kuhukumu batri, pima volti pande zote mbili wakati kitu kinawaka, siyo wakati vyote vimezimwa, juu bila ampea kupita waya mbaya haionyeshe kitu.

Sasa kuingia, na hapa njo Bukavu inatuumiza zaidi.

Turudi ku nyumba yetu ya Ah 36 kila usiku. Kurudisha 36 lazima uingize zaidi, kama 42, juu batri ya risasi hairudishe yote yenye unaipa. Mutu ana pano moja ya sola ya wati 100. Saa sita ya mchana jua kali, pano hiyo inatoa ampea 5 na nusu. Siku nzuri unahesabu masaa mane na nusu ya jua ya kweli, siyo masaa 12 ya mwangaza, na hapo unapata Ah 25. Mu majira ya mvua, mawingu yakikaa juu ya ziwa tangu asubuhi, hata hiyo 25 haifike. Kila siku inakosa 17 hivi. Siku ya kwanza huoni, ya pili huoni, wiki haijaisha batri inaamka kila asubuhi iko chini, na batri ya risasi yenye inakaa chini, sulfati, ile chumvi yenye asidi na risasi zinafanya, inaganda ku sahani na kuwa ngumu, na ikishakuwa ngumu hairudi asidi. Hakuna mutu aliivuta kwa nguvu, hakuna kitu kiliungua, ila batri imekufa na njaa.

Na dawa yenye batu banakimbilia ni kununua batri ya pili na kuiunga pembeni ya ile ya kwanza. Hapo ninabishanaga sana na bakiliya. Kweli batri mbili zinagawana mzigo, kila moja inatoa ampea nusu, hiyo ni nzuri. Lakini zile Ah 25 za pano njo zile zile, sasa zinaliwa na batri mbili, kwa hiyo zote mbili zinabaki na njaa na umepoteza pesa mara mbili. Ongeza pano kwanza. Kwa 100Ah ya risasi mimi nataka kuona ampea 10 zikiingia jua likiwa kali, kwa hiyo pano za wati 200, na regilateri (kale kasanduku kenye kanapanga umeme ya pano mbele iingie mu batri) yenye inabeba hiyo ampea. Batri ya wazi, ile ya kuongeza maji, ya 100Ah, usiipitishe ampea 20. Ya AGM, ile ya kufungwa yenye asidi imenyonywa mu nyuzi za kioo, inakubali zaidi, ku 100Ah mingi wameandika pembeni isipite ampea 30, usome etiketi yako juu kila kiwanda ina yake. Ya jeli inataka pole kuliko AGM.

Wenye banategemea umeme ya mutaa bako na shida ya aina ingine. Delestaje, ile ya kugawa umeme kwa zamu, inaacha umeme kwa kartie, tuseme, saa tano ya usiku mpaka saa nane. Masaa matatu. Sharjeri ya ampea 10 ku batri ya 200Ah inaingiza Ah 30 na umeme inaenda. Mutu anasema nitanunua sharjeri ya 40, na kweli itasaidia, lakini angalia vile batri ya risasi inajaa: mpaka asilimia 80 hivi inakubali ampea zote, kisha volti inafika 14.4 na kuanzia hapo batri yenyewe inapunguza, 40 inakuwa 25, inakuwa 12, inakuwa 6, na hiyo sehemu ya mwisho inakula masaa mengi hata sharjeri ikiwa ya nguvu namna gani. Mu masaa matatu batri ya risasi yenye ilishuka nusu haiwezi kujaa kabisa. Ukiilazimisha kwa kupandisha volti, inachemka, inapata moto, inatoa gazi ya hidrojeni yenye inaweza kulipuka ikikutana na moto, na nimekuta batri imewekwa chini ya kitanda chenye batoto banalala, na mshumaa juu ya meza pembeni. Itoe pale leo. Iweke mahali penye dirisha, na kama ni ya wazi angalia maji yake, ongeza maji ya distile peke yake, asidi usiongeze.

Kwa hiyo mwenye umeme ya masaa machache usiku, ushauri wangu ni changanya: sharjeri inabeba ile sehemu ya kwanza ya mbio usiku, na pano hata moja ya wati 100 inamaliza ile ya pole pole mchana. Hiyo imefanya kazi vizuri ku nyumba zenye nimefunga hivyo, kuliko sharjeri kubwa peke yake.

Batri za gari za okazio zenye zinauzwa bei nafuu, sahani zao ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa ampea mia mbili na zaidi kwa sekunde chache mota iwake, basi. Kuzishusha kila usiku ni kuziua.

Lithium, na hapa ninasema ile ya chuma na fosfati, LiFePO4. Batu banasemaga ndani yake kuna kobalti ya Kolwezi, hapana, ku hii aina hakuna kobalti. Bei yake inaumiza, sitaficha. Lakini angalia kwa macho ya ampea: ya 100Ah mingi inakubali kuingia ampea 50, kwa hiyo yale masaa matatu ya usiku yanatosha kuijaza toka chini. Ukichota 50 inakupa karibu 100 yake yote, ile hasara ya Peukert ni kidogo sana. Na kukaa nusu bila kujaa haiidhuru, hiyo peke yake ni kitu kikubwa mu mji yenye umeme inakuja ikitaka. Mwenye saluni, mwenye kibanda cha kusharji simu, mwenye anakula juu ya batri kila siku, mimi ninamushauri akusanye pole pole afike hapo.

Ila uliza vitu viwili. Kwanza, ndani kuna kadi ya ulinzi yenye inaitwa BMS, na hiyo njo inaamua ampea ya mwisho. Nimeona za 100Ah zenye BMS ya ampea 50 tu, ukiunga konvertisa na kuwasha kitu cha wati 1000 inakata mara moja na unafikiri umeuziwa mbovu. Pili, regilateri yako ya zamani ya risasi inaweza kuwa inapandishaga volti mpaka 15 kila baada ya muda ili kusafisha sahani. Lithium haitaki hiyo, inataka isipite 14.6, na mimi ninaiweka ku 14.2 ama 14.4. Fundi akikuletea lithium na kuiunga ku regilateri ya zamani bila kugusa kitu, mwambie asimame kwanza, mufungue pamoja muangalie imepangwa ku volti ngapi.