Mumeo ni mhasibu wa AMCOS, lile "tu" umeliongeza wewe

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pasua hapa Moshi na nina kibanda cha nafaka soko la Mbuyuni. Binti yetu wa kwanza amemaliza kidato cha sita mchepuo wa ECA, kapata daraja la pili. Amechaguliwa Chuo Kikuu cha Ushirika hapa hapa Moshi kusoma uhasibu, na pia chuo kimoja cha Dar es Salaam. Mimi nataka akasome nje. Kuna wakala ana ofisi Arusha amemtafutia nafasi India, gharama zote kama milioni 14 kwa mwaka. Mume wangu anaweza kukopa kwenye SACCOS yao, au tuuze kipande cha kihamba, lile shamba la ukoo wake kule Kibosho, maana hakuna anayekaa pale. Amekataa katakata. Anasema mtoto aende Ushirika, alale nyumbani, asubuhi apande bajaji. Yeye mwenyewe alisoma pale zamani na mpaka leo ni mhasibu wa AMCOS tu, ule ushirika wa wakulima. Mtoto wa wifi yangu yuko Malaysia, kila siku picha kwenye kundi la familia. Nikimuuliza binti ananijibu 'popote mama'. Shangazi, huu si ubahili wa mwanaume asiyetaka mwanawe aendelee? Nimeshatoa laki 8 ya usajili kutoka kikundi chetu cha kukopeshana, Vicoba, ili nafasi isipotee, mume hajui. Nifanyeje? — Mama wa Pasua."

Marahaba mwanangu. Pole kwa usingizi unaoukosa. Mama anayehangaikia shule ya mwanawe namheshimu, na siku zote nitamheshimu. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa namtafuta mumeo ndani yake. Nimemkuta mahali pamoja, kabanwa kwenye neno moja. "Mhasibu wa AMCOS tu."

Hilo "tu" limetoka wapi? Mtoto hafiki kidato cha sita kwa hewa. Ada, michango, sare, nauli za kwenda na kurudi shule, mtu alilipa. Hukuandika kwamba mumeo ni mlevi. Hukuandika kwamba ana nyumba nyingine Majengo, wala kwamba alikuachia mzigo wa watoto peke yako. Sisi wanawake tukiwa na kosa la mume mkononi hatulisahau nyumbani tunapokwenda kushtaki. Wewe ulipokosa la kuandika, ukaandika kazi yake.

Sasa jiweke kwenye kiti chake. Mtu amesoma pale, cheti chake kimetoka pale, ugali wa nyumba hiyo umetoka kwenye cheti hicho. Jioni anarudi, mkewe anamwambia mbele ya binti kwamba chuo kile si cha kumpeleka mtoto. Unadhani anasikia habari za chuo? Anasikia kwamba miaka yote hii amekuwa si kitu. Huo unaouita ubahili ni mtu aliyechomwa akanyamaza. Mimi niko upande wake, na nakwambia waziwazi usije ukasema sikukwambia.

Njoo kwenye hesabu, kwa sababu yeye ameshaipiga ndiyo maana anakataa. Milioni 14 kwa miaka mitatu ni milioni 42. Hapo bado tiketi ya ndege, viza, na siku mtoto atakapopiga simu kwamba anaumwa. Na ada za nje hutajwa kwa dola. Shilingi ikiteleza, wewe ndiye unayeongeza. Ada ya kozi za biashara kwenye vyuo vya umma vya hapa nchini inazunguka milioni moja na kitu kwa mwaka. Maana yake fedha ya mwaka mmoja wa India inalipa ada ya shahada nzima ya Moshi, na chenji inabaki ya kuwasomesha hao wawili wengine. Ndiyo, hao wawili. Umeanza barua kwa kusema una watoto watatu, kisha barua yote ina mtoto mmoja. Baba yao hajawasahau. Mhasibu anajua mkopo wa SACCOS unavyokatwa kwenye mshahara mwezi baada ya mwezi, na anajua mdogo wake binti atafika kidato cha tano deni likiwa bado bichi.

Kihamba ndicho kilichonifanya niweke miwani chini. "Hakuna anayekaa pale." Wamelala pale, mwanangu. Makaburi ya wazee wake yako kwenye ile migomba, na siku yake ikifika naye atapelekwa hapo hapo. Nawajua watu wa Machame waliouza kipande chao kwa ajili ya masomo ya kijana. Kijana alisoma, sikatai, na kazi alipata. Baba yao alipofariki, ilibidi waombe kwa ndugu sehemu ya kumlaza. Mama yule mpaka leo hafurahii ile shahada. Unamwomba mume Mchaga auze alichoachiwa na baba yake ili wifi yako asikushinde kwenye kundi la familia, halafu unashangaa amekataa katakata?

Na hapo ndipo penye kidonda chenyewe. Wifi. Umemtaja mara moja, haraka haraka, lakini ndiye aliyekuandikisha barua. Desemba inakuja, magari yatapanda Kibosho, mtakaa chini ya mgomba na kila mmoja ataulizwa mwanawe yuko wapi. Wewe unaogopa kujibu "yuko hapa hapa Moshi". Ndoa nyingi za siku hizi zinavunjwa na watu ambao hata hawajui wanazivunja. Mtu anaweka picha ya mwanawe kasimama mbele ya ghorofa refu, huku mke wa mtu hapiki kwa raha wiki nzima. Zamani ulishindana na jirani uliyemwona, ukajua na yeye kalala njaa juzi. Sasa tunashindana na picha. Hujui ada ya yule kijana inalipwa na nani, hujui mama yake anadaiwa wapi. Unajua picha. Na kwa ajili ya picha wanawake wanakopa kwa siri, wanaume wanaficha mishahara, watu wawili wanalala kitanda kimoja kila mtu na daftari lake la madeni. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu barua za namna hii napokea nyingi, na nyingi zinaanza na neno maendeleo.

Tuzungumze chuo, maana unakidharau bila kukijua. Kipo tangu mwaka 1963, kilianza kama Chuo cha Ushirika. Mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Sokoine cha Morogoro, na mwaka 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Hakikuja Moshi kwa bahati; wakulima wa kahawa wa mlima huu walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933, wakati sehemu nyingine za nchi ushirika ulikuwa haujulikani. Leo pale wanasoma uhasibu na fedha, ununuzi na ugavi, rasilimali watu, sheria, mambo ya kompyuta. Kinaonekana kidogo machoni pako kwa sababu unakipita ukienda kwenye shughuli zako. Kingekuwa Mwanza ungekiona kikubwa. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na wewe nyoka wako yuko sebuleni: ada, chakula, na wadogo wawili.

Je, shahada ya pale itampa kazi? Sitakudanganya. Peke yake, hapana. Ya Dar peke yake, hapana. Ya India peke yake, hapana, na hiyo itabidi kwanza ipelekwe Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, itambuliwe. Wahitimu ni wengi na nafasi ni chache, nchi nzima inalijua hilo. Lakini angalia kazi ya uhasibu inavyokwenda. Serikalini watu wanaomba kupitia Sekretarieti ya Ajira, wanaitwa kwenye usaili, wanaandika mtihani. Karatasi haiulizi ulilala bwenini au ulilala Pasua. Kwenye kampuni na mahoteli ya Arusha na Moshi wanataka mtu mwenye CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, anayefunga hesabu za mwezi bila kushikwa mkono na anayejua ritani za kodi za TRA. Mitihani ya CPA inatungwa na bodi ya wahasibu, NBAA, na ni ile ile kwa aliyetoka Dar es Salaam na aliyetoka Moshi. Pale ndipo binti yako atapimwa. Kwa hiyo fedha unayotaka kuipeleka India, sehemu yake ndogo itengwe kuanzia leo kwa ajili ya CPA, na nyingine imnunulie kompyuta nzuri. Hapo utakuwa umenunua kazi, hujanunua picha.

Na ana kitu ambacho mtoto wa wifi yako hana: baba mhasibu wa AMCOS. Likizo ndefu ya chuo inaangukia msimu wa kahawa. Amkalishe kwenye meza ile wakulima wanapoleta mifuko, aone kilo zinavyopimwa, malipo ya awali yanavyoandikwa, mkulima anavyouliza kwa nini makato ni haya. Mali bila daftari hupotea bila habari, na vyama vingapi vya ushirika vimekufa nchi hii kwa sababu ya madaftari? Anayejua kuyaweka sawa anahitajika. Wapo COASCO wanaokagua vyama hivyo, ipo Tume ya Maendeleo ya Ushirika, zipo SACCOS kila mji, na mwaka 2025 imezinduliwa Benki ya Ushirika. Akimaliza mwaka wa tatu akiwa na misimu miwili ya kazi ya kweli mkononi, ataingia kwenye usaili akiwa na la kusema.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo aombe hata kama unadhani hamtapata. Akipata, fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, ile wanaiita bumu, na akija kuajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo deni halivimbi kama walivyolalamika wakubwa zake. Lakini akienda nje kwa njia ya wakala, asitegemee senti ya Bodi.

Jambo moja tu nitamwambia mumeo akisoma hapa. Mtoto wa chuo anayelala nyumbani hugeuzwa mfanyakazi wa nyumba. Atatoka kwenye vipindi saa kumi, mama anampigia simu ashikilie kibanda Mbuyuni, jioni apike, usiku asinzie juu ya kitabu. Wakikosa daraja zuri tunasema chuo kibovu. Kama atalala Pasua, apewe chumba chake, meza yake na saa zake, na kibanda cha nafaka kitafutiwe mtu mwingine. Kama hilo haliwezekani, apangiwe chumba karibu na chuo, hata kwa kugawana na mwenzake. Na mama, bumu lake si mtaji wa mahindi.

Kuhusu wakala sina maneno mengi. Kizuri chajiuza. Huyo hulipwa kwa kila kichwa anachopeleka, kwa hiyo usimtegemee akupe ushauri. Mwandikie, usimpigie simu, umuulize mambo mawili: chuo hicho kinatambuliwa na TCU? Na viza ikikataliwa laki 8 yangu inarudi? Akikuzungusha, umeshajibiwa. Ikirudi, mshukuru Mungu. Isiporudi, hiyo utairejesha Vicoba kwa faida ya kibanda chako, mfuko kwa mfuko, wala usiichomoe kwenye fedha ya chakula ukidhani mumeo hataona. Anahesabu fedha za watu kwa kazi. Za kwake zitampita?

Nimebakiza binti. "Popote mama." Umeliandika kama vile ni jibu. Hilo ni neno la mtoto aliyesimama katikati ya wazazi wawili asitake kumuumiza yeyote. Lakini jiulize, nani aliomba Ushirika? Siku hizi mwombaji anajaza mwenyewe kwenye mfumo wa kila chuo na kulipia fomu. Alikaa mahali akaandika jina la chuo alichosoma baba yake, akachagua kazi ya baba yake. Inawezekana baba alimsukuma. Inawezekana pia amemwona baba yake akikaa na madaftari yale usiku, na yeye akayapenda. Wewe hujamuuliza kwa namna ambayo anaweza kukujibu. Muulize mkiwa wawili, bila kutaja India, kisha ukae kimya mpaka amalize.

Ila usichukue mwezi. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kwa ile namba ya siri anayotumiwa kwenye simu, na dirisha likifungwa nafasi anapewa mwingine. Leo jioni mumeo akirudi, mwambie habari ya laki 8 kabla hajasikia kwa mtu wa kikundi. Mwambie pia lile neno uliloniandikia mimi kuhusu kazi yake, na umwombe radhi kwa hilo kwanza. Atakasirika kwa ajili ya fedha, mwache akasirike. Kesho asubuhi binti achukue simu yake, athibitishe chuo alichokutajia, baba yake akiwa amekaa pembeni.