Hatari ya bastola ikishatoka kiunoni

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza kama wafanyabiashara warahisishiwe vibali vya bastola kwa sababu ya ujambazi. Nilitaka kujibu hapana, nikaishia hapo. Lakini tunabishana mno juu ya kibali na kusahau dakika ile mwenye silaha anapoichomoa mbele za watu.

Mnakumbuka Machi 23, 2017, nje ya hoteli ya Protea, Dar es Salaam. Nape Nnauye, aliyeondolewa uwaziri wa Habari siku hiyo hiyo, alikwenda kuzungumza na waandishi. Mtu aliyevaa kiraia akamchomolea bastola, akimtaka arudi kwenye gari. Nchi nzima iliuliza ametumwa na nani. Swali la haki kabisa, ila picha ile ilikuwa na jambo jingine la kutisha: bastola imetoka, na waandishi wamesongamana pale pale.

Bastola nyingi za kisasa za milimita 9 hazina kitufe cha usalama cha pembeni. Triga hufyatuka kwa mkazo wa kilo 2 na nusu hivi. Mtu akimsukuma mwenzake kwa mkono wa kushoto, wa kulia nao hukaza wenyewe bila kutaka. Vivyo hivyo akijikwaa au akishtushwa na kelele. Ndiyo maana kidole hulazwa kimenyooka ubavuni mwa bastola, nje ya triga bila kuigusa, lakini mwenye hasira kidole chake huingia kwenye triga bila yeye kujua. Risasi ya namna hiyo hutoka kwa zaidi ya mita 300 kwa sekunde, na inaweza kumpita aliyelengwa ikamfikia aliye nyuma yake.

Kuirudisha nako kuna balaa lake. Pindo la shati likiingia kwenye ala pamoja na bastola, hubana triga, na paja la mwenyewe ndilo linalopokea risasi.

Halafu kuna ya nyumbani. Aliyekoki ili kutisha, yaani aliyevuta slaidi, kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma na kurudi, ameshaingiza risasi kwenye chemba, tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi iliyo tayari kulia. Akichomoa magazini tu, kile kikasha cha risasi kwenye mpini, anaamini bastola iko tupu, anaiweka kabatini, mtoto anaikuta. Mwingine huvuta slaidi kwanza, risasi inaruka nje, kisha ndipo anachomoa magazini: slaidi iliporudi ilishachukua risasi ya pili. Kwa hiyo mtutu uelekee mahali salama, kidole kiwe nje, magazini itoke kwanza. Vuta slaidi mara 2 au 3, ifunge ikiwa nyuma, uitazame chemba kwa macho na kuipapasa kwa kidole. Gizani, kidole ndicho mwamuzi.

Sasa jibu lenu. Mnunuzi wa dhahabu kule Geita anayelala na fedha ndani, polisi wako mbali, siwezi kumwambia ajitetee kwa filimbi. Apewe. Ila kila anapohuisha kibali aitoe risasi mbele ya askari mkaguzi, kwa risasi bandia, na akikosea mpangilio asubiri. Na akiichomoa kwenye ugomvi wa maegesho au wa deni, anyang'anywe hata kama haikulia. Wenye baa bado nasita, kwa kuwa pombe iko mkononi mwao usiku kucha. Labda walinzi wao, si wao wenyewe.